Sharubati ya Karamu

Utamaduni wa taifa, unapozungumzwa katika mikutano na kuandikwa vitabuni, aghalabu hutafutwa katika ngoma, mashairi, milango ya nakshi na mavazi. Ni nadra kumkuta mtu akiutafuta ndani ya ndoo ya sharubati. Hata hivyo, sisi tuliozaliwa na kulelewa katika Mji Mkongwe wa Unguja tunajua kwamba heshima ya mwenye shughuli hupimwa kwa vitu vingi, na kimojawapo ni kile kilichomo katika bilauri. Mgeni atasahau rangi ya mapambo. Atasahau hata idadi ya masinia ya pilau. Lakini akipewa sharubati iliyozidishwa maji, hilo atalisimulia barazani hadi masika ya pili.

Katika kurasa hizi tunakusudia kueleza namna sharubati ya karamu inavyotengenezwa kwetu, na kwa nini jambo hilo, ambalo kwa mtazamo wa mbali ni kazi ya jikoni tu, liliwahi kutugawa ndugu wa nyumba moja kwa muda wa siku tisa.

Tuanze na majina, maana majina ya vinywaji katika Kiswahili ni historia nzima. Sharubati asili yake ni Kiarabu, kutokana na kitenzi cha kunywa, na neno hilohilo ndilo lililowapa Waingereza na Wafaransa majina ya baadhi ya vitu vyao vitamu vya baridi. Mvinyo tuliupata kwa Wareno. Divai, inayotajwa zaidi makanisani, ilitoka katika Kifaransa. Tembo, kwa maana ya utomvu wa mnazi uliogemwa, ni letu wenyewe. Hivyo mtu asije akadhani kwamba vileo vilikuwa vigeni kisiwani hata kidogo. Mgema alikuwapo, na kibuyu chake kilikuwapo juu ya mnazi. Tembo lililoshushwa asubuhi ni tamu na laini. Likifika alasiri limekwisha chachuka na kuwa kali. Likiachwa zaidi, huwa siki ya kutilia achari. Nasi huona ajabu kidogo kwamba ile methali ya mgema anayesifiwa akatia tembo maji hutamkwa kwa ufasaha mkubwa na wazee ambao tembo lenyewe hawajapata kulionja maishani mwao.

Vivyo hivyo mvinyo. Kanisa la Kianglikana la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, limekuwa na divai ya altare tangu mwanzo wake. Wagoa waliofanya biashara mjini waliuza bidhaa za Ulaya, na chupa za mvinyo zilikuwamo miongoni mwa bidhaa hizo. Na huko Dodoma, katika Tanzania yetu hii, hulimwa zabibu za kutengenezea mvinyo. Kwa hiyo, jirani zetu wenye kunywa wapo, na wamekuwapo. Hoja iliyotugawa haikuwa kama kitu hicho kipo duniani au hakipo. Hoja ilikuwa bakuli.

Katika mwaka mmoja wa miaka hii ya karibuni, mwezi wa Disemba, tulikuwa na arusi ya binti wa nyumba yetu. Bwana arusi alikuwa kijana mwenye adabu, mzaliwa wa shamba, anayefanya kazi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki. Wenziwe kazini walitoka kila upande: Bara, Kenya, na wengine Ulaya. Alipokuja kutuamkia alileta ombi. Alitaka kwamba baada ya nikaha na walima, usiku, pawekwe bakuli kubwa la matunda yaliyokatwakatwa na kuchanganywa na mvinyo, kama alivyozoea kuona likiwekwa katika tafrija za hotelini, ili wenziwe wasijione wageni.

Wazee wanaume walikunja nyuso. Vijana wakasema kwamba kama ni hivyo, basi zinunuliwe kreti za soda na maboksi ya juisi ya dukani, kazi iishe. Ami yetu akasema heri shughuli isiwepo kabisa. Ndipo akaitwa Shangazi, dada mkubwa wa baba zetu, ambaye kwa zaidi ya miaka 40 hapakuwa na arusi katika ukoo wetu asiyoikorogea sharubati.

“Shikamoo, Shangazi,” kijana alisema.

“Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa una haja.”

“Ndiyo, Shangazi. Wenzangu wameninusuru mara nyingi, nami ningependa wafurahi.”

“Sikukatazi kuwakirimu. Mgeni wako ni mgeni wetu. Lakini bakuli ni moja na watu ni wengi, na matunda yaliyomo yanapendeza macho. Mtoto akija na kikombe chake, nani atasimama hapo kumwambia hili si lako? Na bibi yako asiyeona vizuri?”

Kijana alinyamaza. Shangazi akaendelea: “Mimi nataka pipa ambalo kila aliyekuja kwetu atachota. Wenzio pia.”

Neno hilo halikumaliza ubishi, kwa maana lilizaa ubishi mwingine. Ilikuwa rahisi kusema pipa moja kwa watu wote. Lakini watu waliozoea vinywaji vya hotelini, je, wangeridhika na ukwaju? Na Shangazi alikuwa amepindukia miaka 70, mikono yake ina baridi yabisi, na vipimo vyake vyote vilikuwa kichwani. Hakuna aliyewahi kuviandika. Ikiwa sharubati ingekuwa mbovu, aibu ingekuwa ya bibi arusi, na Shangazi ndiye angeilaumiwa nafsi yake hadi kaburini. Tuliyafikiri hayo yote, nasi hatukuwa na hakika.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya hicho kinywaji alichokiomba bwana arusi, kwa sababu ni jamaa wa karibu wa sharubati kuliko wengi wanavyodhani. Waingereza hukiita punch, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba jina hilo limetokana na neno la Kihindi lenye maana ya tano. Mabaharia wa Kiingereza waliofanya biashara ya Bara Hindi katika karne ya 17 walikikuta au walikizoea huko, nacho kilikuwa na vitu vitano: araki, sukari, ndimu, maji na viungo. Kitazame kinywaji hicho kwa makini, ndugu msomaji. Ondoa araki, na vinne vilivyobaki ni sharubati yetu kamili. Ni mali ya Bahari ya Hindi iliyokwenda Ulaya, ikakaa huko ikavaa mvinyo na matofaha, kisha ikarudi kwetu kwa ndege na kupokewa hotelini kama jambo la kigeni.

Wala hatudai kwamba matunda yetu yote ni wenyeji. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliandika juu ya ndimu, tangawizi na maembe mabichi ya achari aliyoandaliwa Mogadishu. Hakuandika juu ya nanasi wala pesheni, kwa sababu hayo yalikuwa bado Amerika. Mwembe ulitoka Asia, na michungwa vilevile. Wenyeji hasa ni mbuyu, ukwaju na mbungo. Mbungo ni mti mtambazi wa vichakani. Tunda lake ni la manjano, chachu lenye harufu nzuri, na sharubati yake kwa maoni yetu hupita zote, ila msimu wake haukuangukia arusi hii na hatuna haja ya kujitonesha.

Sasa tufike kazini. Wageni walikadiriwa kuwa 300. Kila mgeni hunywa bilauri mbili, na bilauri tano hujaza lita. Kwa hiyo zilihitajika lita 120. Shangazi alizigawa mafungu matatu: lita 40 za ukwaju na tangawizi, lita 60 za mchanganyiko wa matunda, na lita 20 za ubuyu wa maziwa kwa ajili ya watoto na wazee wasioweza uchachu.

Kabla ya tunda lolote kuguswa, maji yalichemshwa. Jambo hili Shangazi hakulifanyia mzaha. Kipindupindu kilipozuka Zanzibar mwaka 1978 alikuwa mwanamke kijana mwenye watoto, na mlipuko wa mwaka 2016, uliosababisha shule zote kufungwa mwezi wa Aprili, sote tunaukumbuka. Sharubati ya arusi ni maji wanayokunywa mamia ya watu kwa saa moja. Maji yakiwa machafu, hakuna tangawizi itakayoyaponya. Kwa hiyo masufuria yalikaa motoni tangu adhuhuri ya siku ya kuamkia arusi, maji yakaachwa yapoe chini ya kawa, na barafu ikagandishwa kwa maji hayohayo katika mafriza ya nyumba nne za jirani. Barafu ya kununua ilikataliwa mlangoni. Aliyeileta, mjomba wa bwana arusi, alikasirika kidogo, ila alituliza hasira alipoambiwa aiweke chini ya samaki.

Ukwaju ni kazi ya subira. Kilo 4 ziliosheshwa, zikachemshwa kidogo, zikaachwa zilale. Usiku ulipoingia, wanawake sita walikaa juu ya mbuzi na vibao uani, wakaupondaponda kwa mikono hata kokwa zikaachana na nyama, kisha wakauchuja kwa kitambaa cha melimeli, si kwa chujio la waya. Chujio la waya hupitisha nyuzi, na nyuzi hukwama kooni. Ndani ya ukwaju ule ilitiwa tangawizi mbichi iliyotwangwa kinuni na kukamuliwa, iliki, vijiti viwili vya mdalasini na karafuu saba tu. Mtu akiuliza kwa nini kisiwa chenye karafuu kinazitia saba tu katika lita 40, ajaribu kutia 20. Atakunywa dawa ya meno.

Mchanganyiko ndio uliokuwa na fitina. Kwa kila ndoo ya lita 20 palihitajika mananasi makubwa sita, pesheni 40, maembe dodo manane yaliyoiva vizuri, maji ya machungwa lita tatu na ndimu kumi. Yaliyobaki ni maji. Ndoo zilikuwa tatu, basi msomaji na azidishe mwenyewe. Maembe yalisagwa usiku na kuwekwa baridi. Mananasi vilevile. Pesheni hazikusagwa, kwa kuwa mashine huvunja mbegu zake na mbegu iliyovunjika hutoa ukakasi. Zilikorogwa kwa mwiko na kuchujwa. Machungwa yaliachwa mpaka siku yenyewe, baada ya swala ya Alasiri, kwa sababu maji ya chungwa yakilala huwa machungu. Ndizi zilikatazwa, maana huwa nyeusi. Mpwa wetu mmoja aliyetaka kumimina maziwa ndani ya ndoo ya mchanganyiko, ili iwe na rangi ya kupendeza, alishikwa mkono angali na jagi hewani: uchachu wa pesheni na ndimu ungeyakatisha maziwa pale pale.

Ubuyu, kinyume chake, huyapokea maziwa kwa wema, ilimradi yatiwe baridi na mwishoni. Mbegu zilirowekwa katika maji ya vuguvugu, zikakorogwa mpaka unga wote ukabanduka, zikachujwa mara mbili. Marashi ya mawaridi yalinyunyizwa kijiko kimoja. Wapo waliotaka rangi nyekundu ya dukani. Shangazi aliwaambia kwamba ubuyu una rangi yake.

Ikabaki sukari, na hapa ndipo tuliposikia habari ambazo wengi wetu hatukuwa tukizijua. Katika miaka ya 1970, sukari na mchele vilipokuwa vikipatikana kwa mgao, arusi ya Shangazi mdogo ilikaribia kufungwa bila sharubati. Majirani wa mtaa mzima, Waislamu, Wahindu na Mgoa mmoja fundi cherehani, walileta kila mmoja nusu kibaba kutoka katika mgao wake, zimefungwa katika vipande vya gazeti. Shangazi alisema kwamba tangu siku hiyo hajapata kuitia sukari bila ya kuihesabu. Kipimo chake kwa lita 120 ni pishi tatu, yaani vibaba 12, ambazo ni karibu kilo nane. Tulipopiga hesabu tuliona kwamba kila bilauri ilipata kama gramu 13 za sukari ya kutiwa, juu ya ile iliyomo katika matunda yenyewe, hali chupa ya soda ya mililita 300 huwa na gramu 30 na ushei. Hatusemi hivyo kwa kujisifu. Baba yake bibi arusi ana kisukari, na kwake gramu 13 bado ni nyingi. Jagi lake la ukwaju liliwekwa kando bila sukari hata chembe, na chumvi kidogo ndani yake, naye akalinywa akiwa amekunja uso kama mtu anayesikiliza hotuba ndefu.

Ni haki pia tuwape nafasi wale waliotaka soda. Hoja yao haikuwa ya uvivu. Kazi hii yote tuliyoieleza hufanywa na wanawake, usiku, bila ujira, na kesho yake wanawake haohao hutakiwa wawe wamejipamba. Binti mmoja wa nyumba yetu, mwalimu wa shule, alilisema hilo waziwazi mbele ya wazee: ikiwa sharubati ni heshima ya ukoo, basi ukoo una wanaume pia. Palikuwa na kimya. Kisha ami yetu, yule aliyetaka shughuli isiwepo, alivua koti, akapandisha mikono ya kanzu, akaomba kisu. Alimenya mananasi 18 peke yake, na macho ya mananasi aliyaondoa kwa namna ya duara iliyotushangaza sote. Ikadhihirika kwamba ujanani aliwahi kuuza matunda Darajani, katika soko lililojengwa mwaka 1904, jambo ambalo hakuwahi kutusimulia. Vijana walipomwona hawakuwa na njia ila kufuata. Sisi tunaona kwamba mila ikitaka kuishi katika zama hizi, lazima igawane mzigo kwa namna hiyo, la sivyo vijana wataacha kuirithi, nao watakuwa na haki.

Jioni ya arusi mapipa matatu yalisimama uani, kila moja na kata yake. Haikuwekwa meza ya pili. Hapo ndipo tuliposhika pumzi, maana wenziwe bwana arusi walikuja kwa pamoja, wamevaa vizuri, wakasalimia, wakasimama mbele ya mapipa wakiyatazama. Mmoja wao, mtu wa Dodoma aliyekulia karibu na mashamba ya zabibu, alichota ukwaju. Akanywa. Akachota tena. Mara ya nne alimwendea bwana arusi na kumwuliza kwa sauti ya chini ni kileo gani kilichomo, kwa kuwa kinamwasha kifuani. Aliambiwa ni tangawizi. Hakusadiki mpaka alipoletwa kwa Shangazi, akamwamkia, akaonyeshwa kinu.

Wengine wao, baada ya saa nne usiku, waliaga kwa heshima wakaenda zao pwani, na huko bila shaka walikunywa walichopenda. Hakuna aliyewauliza. Bwana arusi aliwasindikiza hadi garini na kurudi.

Vipimo hatimaye viliandikwa. Yule binti mwalimu alikaa na Shangazi siku ya tatu ya fungate, na daftari, akamtaka ataje kila kitu kwa gramu na mililita. Shangazi alitaja kwa vibaba, kata, konzi na “mpaka harufu ibadilike”. Walibishana asubuhi nzima. Daftari lina safu mbili sasa, moja ya kila mmoja, na safu ya Shangazi ndiyo ndefu. Mabaki yenyewe, kiasi cha nusu ndoo ya mchanganyiko, yalikuwa yamegawiwa majirani usiku uleule kabla ya watu kulala, kwa sababu maji ya machungwa yasingengoja asubuhi.